Mkono Wangu Ulifufukia Kwenye Gemu

Bwana asifiwe, kanisa! Na asifiwe tena, kwa sababu mara ya kwanza ulimi wangu umeteleza. Ndugu zangu, mkinisikia nikiburuta neno, nivumilieni, linakuja. Miezi michache iliyopita hata hilo jina la Bwana lilikuwa linanishinda, natamka nusu, halafu nalia. Leo nimesimama kwa miguu yangu na ninaongea. Pigeni makofi, lakini yawe ya Mungu, yasiwe yangu. Mtajua sababu.

Mnanijua. Mimi ni Mama Nekesa wa Ziwani, fundi wa nguo. Wengi wenu mmevaa sare za kwaya zilizopita kwenye cherehani yangu. Mume wangu, marehemu, alikuwa karani wa reli. Alituacha Nekesa akiwa darasa la sita, na huyo mtoto mmoja nikamlea kwa sindano na maombi. Na katika hayo maombi, ndugu zangu, nilikuwa na adui wangu mmoja. Adui huyo alikuwa gemu za televisheni na katuni za Kijapani! Mnakumbuka nilivyosimama hapahapa kwenye mkutano wa akina mama nikikemea zile katuni zenye macho kama sahani. Sikuwa nimewahi kutazama hata moja. Nilikemea tu, na kwa nguvu.

Sasa Nekesa alizipenda tangu akiwa mdogo. Alizitazama, akazichora, daftari baada ya daftari. Alipomaliza chuo, masomo ya uhasibu, nikakaa nikingoja atafute kazi ya ofisini. Badala yake akaniambia yeye na rafiki yake wamekodi chumba kule Majengo. Wataweka mashine za gemu, vijana wawe wanakuja kucheza, naye akipata nafasi awe anachora. Niliona giza! Siku moja akiwa ametumwa dukani, nilikusanya madaftari yake yote ya michoro nikayatia kwenye jiko. Nikachemshia chai, na hiyo chai nikainywa. Aliporudi alikuta kipande cha jalada ambacho hakikuungua. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, si ungeniuliza?" Akakunja nguo zake. Nami nikasimama mlangoni, nikapaza sauti ili majirani wasikie: "Enda na mashetani yako!"

Miaka mitatu, ndugu zangu. Kutoka Ziwani hadi Majengo ni mwendo wa miguu, lakini tuliishi kama watu wa nchi mbili. Akipiga simu, sishiki. Nilikuwa na uchungu moyoni, nikauita utakatifu.

Halafu ikaja ile Jumanne. Nilikuwa nashona shingo ya gauni, asubuhi, redio ikiimba. Mkasi ukaanguka. Nikainama niuokote, mkono wa kulia ukakataa. Nikauamuru, ukanitazama tu. Nikataka kumwita jirani, mdomo ukatoa sauti kama ya mbuzi. Nikaanguka kando ya cherehani.

Kiharusi!

Mlikuja hospitalini, nawashukuru. Mlikuja nyumbani nilipotolewa, mkaimba, mkaomba. Lakini leo nitasema kweli hata kama inaniaibisha. Mlipokuwa mkiimba, mimi niligeukia ukutani nikamwomba Mungu anichukue. Fundi wa nguo asiye na mkono wa kulia ni nani? Mwombaji asiyeweza kutamka ni nani? Ule mkono ulilala juu ya blanketi kama kitu cha mtu mwingine alichokisahau kwangu.

Jirani yangu, bila kuniuliza, akampigia Nekesa.

Alikuja siku iyo hiyo, begi mgongoni na sanduku la karatasi mikononi. Akaniosha uso. Akanibadilisha nguo. Akaniambia, "Mama, nimechukua mwezi mmoja. Rafiki yangu ataangalia kazi. Mwezi ukiisha utaniambia mwenyewe kama nikae ama niende." Kisha akafungua lile sanduku, na ndani yake ilikuwa mashine ya gemu.

Ningekuwa na ulimi ningeifukuza ile mashine hadi mtoni Mathare! Lakini Mungu ananijua. Aliufunga ulimi wangu kwanza, ndipo akaingiza mashine.

Kule hospitalini dada mmoja wa mazoezi ya viungo alikuwa amenipa mpira wa kufinya. Finya mara nyingi kila siku, alisema, mkono usisahau kazi. Nilifinya siku mbili. Siku ya tatu nikausukuma kwa mkono wa kushoto ukaingia uvunguni mwa kitanda. Nekesa akautoa. Nikausukuma tena. Hakubishana nami. Aliwasha ile gemu akaketi chini karibu na miguu yangu akaanza kucheza, na kwa kuwa kitanda kilitazamana na televisheni, nami nikalazimika kutazama.

Ndugu zangu, nilitarajia damu na mapembe. Nikaona shamba! Kuna mtu mdogo mwenye kofia ya majani, ana jembe, ana kuku watatu, ana kijito cha maji. Anaamka, analima, anamwagilia, anauza sokoni, analala. Majira yanabadilika, kuna masika na kuna kiangazi. Nikatazama siku ya kwanza kwa chuki. Siku ya pili nikatazama kwa mashaka. Siku ya tatu, Nekesa, mtoto niliyemzaa mimi, binti wa watu wa Bungoma waliozaliwa shambani, akachukua mbegu za mahindi akaanza kuzipanda jua likiwa limeukausha udongo wote. Kitu kikanipanda kutoka tumboni.

"Wewe! Mahindi hayapandwi kiangazi!"

Nekesa aligeuka polepole. "Mama, umesema nini?"

"Mahindi," nikasema. "Hayapandwi. Kiangazi."

Akaangua kicheko huku analia, nami nikalia huku nacheka, na mdomo wangu uliopinda sijui ulifanana na nini. Tangu niugue nilikuwa natoa neno mojamoja, "maji", "hapana". Sentensi yangu ya kwanza nzima, ndugu zangu, haikuwa sala. Ilikuwa ni kumgombeza mtoto kuhusu mahindi! Na ninaamini Mungu aliipokea.

"Basi lima wewe," Nekesa akasema, akaniwekea mikononi kile kidude cha kuchezea. Kinashikwa kwa mikono miwili. Kidole gumba cha kushoto kinamtembeza yule mtu, cha kulia kinabonyeza vitufe: hiki cha kulima, hiki cha kumwagilia. Cha kushoto kikatembea. Cha kulia kikakaa kimya. Nikafika kwenye mimea, nikasimama pale na ndoo yangu, siwezi kumwagilia. Maharagwe yakaanza kunyauka mbele ya macho yangu.

Siku ya kwanza Nekesa alikishika kidole changu akakibonyezea. Siku ya pili hivyo hivyo. Sikutaka kuacha, kwa sababu maharagwe yalikuwa yangu sasa! Ule mpira haukuwa na njaa wala kiu. Haya maharagwe yalikuwa na kiu. Nilikuwa natazama kile kidole nakiambia, katika jina la Yesu, bonyeza! Siku ya tano, baada ya uji, kikatikisika. Kikashuka. Maji yakamwagika kwenye televisheni, mmea mmoja ukanywa.

Haleluya! Mmoja tu! Nekesa alikimbia nje hadi kwenye kamba ya nguo akipiga mayowe ya furaha, majirani wakadhani nimekufa.

Basi mwezi ule ukawa mwezi wa gemu na katuni katika nyumba ya Mama Nekesa wa maombi. Asubuhi shamba. Nilibishana na aliyeitengeneza ile gemu, maana haikubali upande maharagwe katikati ya mahindi, kila mraba mbegu moja tu. Nikamwambia Nekesa, huyu mtu hajawahi kulima. Akasema, "Mama, ni gemu tu." Nikasema hata gemu iwe na akili. Kuna siku tulijaribu gemu ya magari, nikawa nagonga ukuta kila mara, nikamrudishia Nekesa. Nilipochoka mkono, tulitazama katuni.

Nitawaambia iliyonishika. Ni wasichana wanne wa shule moja kule Japani wanaokimbia mbio za kupokezana kijiti. Yule wa nne, aliye mfupi, kila akipewa kijiti anakiangusha. Mazoezini anakiangusha, mashindanoni anakiangusha. Wenzake hawamtukani, na hilo ndilo linalomuumiza zaidi. Ndugu zangu, mimi niliyekuwa naangusha kikombe kila asubuhi, nililia kwa ajili ya mtoto wa kuchorwa! Wanaongea Kijapani, na maandishi ya Kiingereza yanapita chini haraka. Kiharusi kilikuwa kimenichanganyia herufi, zinaruka kama panzi. Kwa hiyo Nekesa alinisomea kwa Kiswahili, akiigiza sauti. Kocha alimpa sauti ya marehemu baba yake! Yule msichana mfupi alimpa Sheng ya vijana wa Majengo: "Kocha, mi siwezi, nitawaangusha tu." Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Baadaye nikaanza kukamata neno moja kule chini. Kisha mawili. Siku moja Nekesa alikuwa jikoni akasahau kunisomea, nami sikumwita, kwa sababu nilikuwa nasoma mwenyewe.

Na mnajua walimalizaje? Nilingoja ushindi. Walimaliza wa tano! Nikakasirika, nikamwambia Nekesa, "Wiki mbili nalia na hawa watoto, halafu wa tano?" Akanitazama. "Lakini Mama, kijiti kimefika." Nililitafakari hilo neno siku nyingi kuliko mahubiri mengine niliyowahi kuyasikia, Mchungaji unisamehe.

Sisemi kwamba kila kitu ni chema. Kulikuwa na katuni moja ya mizimu, nikamwambia aizime, akaizima bila neno. Mtu huchagua hata mboga sokoni. Kosa langu lilikuwa kuchoma soko zima.

Sasa nifike mahali pabaya.

Niliporudi hospitalini, yule dada wa mazoezi aliushika mkono wangu akashangaa. "Mama, umefanya zoezi gani?" Nekesa alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema, "Ule mpira." Niliona aibu, ndugu zangu! Mwombaji mzima niseme nalima shamba la televisheni? Nikamsikia Nekesa akivuta pumzi.

Wiki ya nne, akina mama wetu wakaja kunitembelea. Mama Rhoda, mwenyekiti wetu, alikuwa mbele, kama kawaida. Yuko pale, nimemwomba ruhusa niseme. Waliingia bila hodi, kwa upendo tu, wakanikuta nimekaa, kidude mikononi, navuna nyanya. Mama Rhoda akatazama televisheni, akanitazama mimi. "Mama Nekesa! Hiki ni nini?"

Na mimi, ambaye Mungu alinirudishia ulimi, nikautumia kusema hivi: "Ni huyu msichana. Ananilazimisha. Mimi sitaki."

Nekesa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia ya chai. Alisikia yote. Mama Rhoda akaweka mkono juu ya mashine akaomba maombi makali, wengine wakaitikia, nami nikaitikia amina. Nekesa aliwapa wote chai. Aliwapa na mikate. Walipoondoka aliosha vikombe, akavikausha, akavipanga. Kisha akaiweka mashine kwenye sanduku.

"Mama, sina hasira," akaniambia. "Lakini siwezi kuchomwa mara mbili."

Akaenda.

Ndugu zangu, kiharusi kiliupiga mkono na mdomo. Siku ile kitu kiliupiga moyo. Nilikaa siku mbili, jirani akiniletea chakula. Niliomba, na maombi yalirudi kutoka darini. Nikapiga simu, haikushikwa, na nikajua ladha ya simu isiyoshikwa. Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa mgonjwa muda mrefu kabla ya ile Jumanne. Kwa miaka mitatu mkono wangu ulikuwa mzima, lakini haukuweza kubonyeza simu ya mtoto wangu mwenyewe. Mdomo ulikuwa mzima, haukuweza kusema pole. Nikasema, Bwana, kama ulinirudishia kidole kwa ajili ya maharagwe yasiyolika, nirudishie na hiki cha kumfikia mtoto wangu.

Ijumaa asubuhi nilifunga leso, nikachukua fimbo, nikatoka. Tangu kiharusi sikuwa nimepita lango la nyumba zetu peke yangu. Nilikuwa nasema, Yesu, mguu. Yesu, mguu mwingine. Watu wa mikokoteni wakanipita, wakinipigia mluzi nipishe, na mimi siwezi kuharakisha. Karibu na Gikomba mama mmoja wa mitumba akanipa kiti chake na maji. "Unaenda wapi hivyo, shosho?" Nikamwambia, naenda kuomba msamaha. Akasema, "Basi kunywa, huko ni mbali."

Nilifika Majengo jua likiwa juu. Nikauliza, nikaonyeshwa chumba chenye pazia la buluu. Ndani kelele! Vijana kama kumi na wawili, televisheni nne. Nekesa alikuwa kwenye meza ndogo kwenye kona. Alikuwa anachora. Aliinua macho, na kalamu ikakwama hapo hapo. Kijana mmoja akaniondokea kwenye benchi, "Mathe, kuja ukae hapa." Sikukaa. Nilijiambia, nilimkana mbele za watu, basi nitubu mbele za watu.

"Nekesa," nikasema. "Mwanangu. Madaftari. Nilichoma. Ni mimi." Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe, na gemu zilinyamaza moja baada ya nyingine. "Nilisema. Unanilazimisha. Ni uongo. Mkono huu. Ulinipa wewe. Na Mungu. Nisamehe."

Kuyasema hayo kulichukua muda mrefu sana. Hakuna hata mmoja aliyecheka.

Nekesa akauliza, kwa sauti ndogo, "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

Hapo ndipo alipovunjika. Alikuja akanishika kiunoni kama alipokuwa mtoto, na fimbo yangu ikaanguka, na hakuna aliyeiokota kwa sababu sikuihitaji, nilikuwa nimeshikwa. Na yule kijana wa benchi akamnong'oneza mwenzake, nami nikasikia: "Si huyu ndiye mathe wa shamba?"

Kumbe aliwaambia! Kumbe mimi nilipokuwa namwonea aibu, yeye alikuwa anajivunia mimi kule Majengo!

"Umefika mwaka wa ngapi, mathe?" yule kijana akaniuliza.

"Wa tatu," nikasema. "Na nina ng'ombe."

Chumba kizima kikashangilia. Nimewahi kushangiliwa kanisani nikiimba, lakini sikuwahi kushangiliwa namna hiyo.

Mungu ni mwema! Nekesa alirudi nyumbani. Kazi yake iko Majengo na kitanda chake kiko Ziwani. Nilirudi kwa yule dada wa mazoezi nikamwambia ukweli wote, akacheka, akauandika kwenye faili yangu. Nilienda kwa Mama Rhoda nikamwambia, uliomba dhidi ya mashine, lakini mwongo alikuwa mimi. Mama Rhoda bado hazipendi zile katuni, na mimi sitamlazimisha. Lakini alinikumbatia, na wiki iliyofuata alimtumia Nekesa pakiti ya kalamu za rangi. Hakuandika jina, lakini mimi naijua kanga yake iliyoifunga.

Mkono haujarudi wote. Nisiwadanganye. Nashona mshono ulionyooka, shingo za magauni bado zinanishinda. Madaftari yaliyoungua hayakurudi, na kuna siku Nekesa anatafuta mchoro fulani kichwani mwake, akaukosa, nami naona. Msamaha haukufuta hilo. Lakini tunakula meza moja, tunagombana kuhusu mbegu, na nyumba yangu ina sauti.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenitafuta kwa njia niliyoidharau. Nawashukuru ninyi mlioimba nilipokuwa nimegeukia ukutani. Na sasa, wewe unayenisikiliza. Pengine hakuna kiharusi mwilini mwako. Mikono yako yote miwili inapiga makofi vizuri. Lakini kuna jina moja kwenye simu yako ambalo kidole chako hakiliwezi. Mwana, au dada, au mama. Umelisamehe kwa maombi, hujalisamehe kwa kidole.

Mwamini Mungu. Anaweza kukiamsha. Alikiamsha changu kilichokuwa kimekufa.

Mchungaji, najua muda wangu umeisha na sadaka inangoja. Nakuomba dakika mbili tu. Kwaya isiimbe. Milango iachwe wazi, watu watoke nje na simu zao.